Jina Langu Mkononi, Lako Ubavuni

Murungu, Kibondo
6 Januari 2013

Mdogo wangu Winifrida,

Pokea salamu za hapa nyumbani pamoja na kiroba cha maharage anachokuletea Makarius wa basi. Sisi wazima. Mguu wa Castory umepona, ila mvua ikinyesha anakumbuka kulalamika. Mapacha wameingia kidato cha tatu wote wawili, na walimu wanawachanganya bado. Wewe vipi? Mgahawa unakwenda? Kifua kimeacha kukubana?

Ningepiga simu, lakini mtandao hapa unapatikana juu ya kichuguu cha kwa mzee Ndihokubwayo tu, na ukipanda pale unaongea na kijiji kizima. Halafu mimi darasa la saba nilimaliza na mwandiko mzuri, unajua mwenyewe. Acha nikuandikie.

Mwanangu Didas alifika kutoka huko kwako siku mbili kabla ya Krismasi. Amenenepa, amependeza, kinyozi kweli kweli, kichwa chake mwenyewe kinang'aa. Alivaa fulana ya mikono mifupi. Namkumbatia, naona kwenye mkono wa kushoto, upande wa nje, juu ya kiwiko, pana weusi. Nikadhani ni grisi ya basi. Nikatia mate kwenye pindo la kanga nikamsugua kama mtoto. Haitoki. Akacheka: "Mama, acha kusugua, soma." Nikasoma. ESTERIA. Herufi saba, zimenyooka kama za kwenye ubao wa shule.

Winifrida, nilikaa chini palepale kwenye majani.

Krismasi nilimpitisha kanisani mbele, mkono huo upande wa watu. Katekista akanivuta pembeni: "Mama Didas, mwili haupaswi kuchorwa tatuu, imeandikwa." Nikamwambia, "Katekista, mwanao yupo Dar mwaka wa sita, amekuandika wapi? Hata barua hajakuandikia." Akageuka akaenda zake.

Nilimuuliza mwanangu kama iliuma. Akasema, "Kama siafu, mama, wale wanaokuja kwa msafara." Yaani mtoto amekaa akaliwa na siafu kwa ajili yangu! Nani mwingine Murungu nzima ameliwa na siafu kwa ajili ya mama yake?

Najua wewe Mungu hakukupa wa kukuandika, lakini furaha yangu ichukue kama yako. Umemtunza vizuri. Nilikuachia kwa mwaka mmoja tu, mapacha walipokuwa wananinyonya huku na huku, wewe ukanogewa naye mpaka akaota ndevu. Sikulaumu.

Dada yako mwenye furaha,
Esteria


Kasulu
27 Januari 2013

Dada Esteria,

Shikamoo. Shemeji Castory na mapacha wape salamu. Mimi sijambo, kifua kinakwenda na hali ya hewa. Maharage yamefika. Kiroba kilikuwa na tundu. Makarius anasema panya, mimi nasema panya gani anajua kufunga kamba tena.

Hongera kwa jina lako. Lilichorwa karibu na mimi kabisa. Chumba cha Ndayiragije mchora tatuu, yule kijana wa Kirundi aliyekulia hapa hapa Kasulu, na jiko la mgahawa wangu vinatenganishwa na mbao tu. Nilikuwa nakaanga maandazi. Usiogope maradhi, kila mtu anafunguliwa sindano yake mpya mbele ya macho yake, na mipira ya mikono anavaa.

Halafu upande wa nje wa mkono hauumi sana. Basi usimwonee huruma kupita kiasi.

Mdogo wako,
Winifrida


Murungu
10 Machi 2013

Mdogo wangu,

Hapa tunapalilia. Castory anakusalimu, anauliza lini utakuja kutuonjesha yale maandazi unayojisifia. Mbuzi mwekundu amezaa wawili.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mbili nilifurahi, ya tatu nikakwama kwenye "hauumi sana". Hauumi sana maana yake nini? Umejuaje, wewe umechorwa? Kijana anasema siafu, wewe unasema hauumi. Niandikie vizuri: wapi panauma, wapi hapaumi, nijue mwanangu alinipa nini.

Jambo jingine, Didas ametaja msichana. Elieth, wa Kumsenga, anafundisha chekechea. Ana heshima, na shingo ndefu. Wazee wameshaanza kwenda na kurudi. Siku ya harusi nitakaa mbele kwenye kiti cha mama, na bwana harusi nimeshamwambia asivae koti. Avae shati la mikono mifupi, wakwe wasome wenyewe mtoto ni wa nani.

Jibu haraka. Nasubiri hiyo orodha yako.

Esteria


Kasulu
2 Aprili 2013

Dada,

Shikamoo. Pasaka imepita salama. Wateja walikula ubwabwa mpaka nikakosa wa kula mwenyewe.

Umetaka kujua. Mimi sijachorwa, lakini huu ni mwaka wa pili nasikia kila kitu kupitia zile mbao, na sasa nikisikia mtu najua sindano iko wapi hata bila kuchungulia.

Mkono kwa nje na bega: wanaendelea kuongea. Wanabishana Simba na Yanga, wanaagiza chai. Shavu la mguu pia, ila wanaapa kidogo. Mkono upande wa ndani, penye ngozi laini, wanavuta hewa kwa meno, ssss, kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Kifundo cha mkono mazungumzo yanakatika. Juu ya unyayo, pale mfupa uko karibu, wanauma kitu. Mmoja alikuja kuniomba mwiko, na alama za meno zipo mpaka leo. Juu ya uti wa mgongo wanaita Mungu. Shingoni nilisikia askari mzima akisema "nisamehe", sijui alikuwa anamwambia nani.

Mbavu ndiyo mwisho wa yote. Kila ukivuta pumzi ngozi inaifuata sindano yenyewe. Wengi wanaanza asubuhi wakitamba, wanatoka kabla chai haijapoa, wana nusu ya ua au kichwa cha simba kisicho na simba. Nimesikia mmoja tu aliyemaliza.

Basi nimekujibu. Kuhusu harusi nimefurahi. Mimi nitashona nini, na nitakaa wapi?

Winifrida


Murungu
18 Agosti 2013

Winifrida,

Sisi wazima. Muhogo mzuri. Sitaki kurefusha salamu.

Didas alikuja wiki iliyopita kumsaidia baba yake kubadilisha bati za jikoni. Jua lilikuwa kali, akavua shati, akapanda. Mimi niko chini nashikilia ngazi. Alipoinua mikono kupokea bati nikaona upande wa kulia, mbavuni, chini kidogo ya kovu, maandishi. Nikadhani ni Elieth, nikajiandaa kucheka. Nikasoma kutoka chini kwenda juu kwa sababu alikuwa amejipinda.

WINIFRIDA.

Niliachia ngazi. Castory akapiga kelele, mtoto akaning'inia kwenye boriti kama popo. Sikujali.

Nimelihesabu. Herufi tisa. Mimi saba. Hata kwa herufi umenizidi! Na si angeandika Wini, wote tunakuita Wini? Hapana, ameandika lote, tisa, mbavuni, mahali ambapo wanaume wenye kutamba wanakimbia. Mimi nikapewa mahali pa kuagizia chai.

"Nimesikia mmoja tu aliyemaliza." Uliandika hivyo ukajua nitasoma. Ulikuwa unanicheka? Niliposimama kanisani nimeinua ule mkono kama kombe, wewe ulikuwa umekaa Kasulu unakaanga maandazi na kujua.

Nilimuuliza yeye. Akasema, "Mama, usiwe hivyo." Hivyo vipi? Nikamwambia basi nami aniandike mbavuni, upande wa kushoto kumebaki. Akavaa shati, akaenda kunywa maji. Aliondoka na basi la kesho yake alfajiri.

Mimba nilibeba mimi. Uchungu wa siku mbili niliupata mimi, na mkunga Swaumu yupo hai, kamuulize. Harusini njoo, sikukatazi, lakini utakuja kama mgeni, utakaa na wageni. Mama wa bwana harusi ni mmoja.

Esteria


Kasulu
1 Septemba 2013

Dada Esteria,

Shikamoo. Naandika mgahawa umefungwa, leo Jumapili.

Sikumwomba. Siku hiyo aliniambia anapeleka mashine yake ya kunyolea kwa fundi. Nasikia mashine ya Ndayiragije inaanza, nasubiri mtu aanze kutamba au kulia. Kimya. Nikajua ni mbavu, maana mbavuni mtu akikaza kuvumilia haongei. Nikasema moyoni, mama wa huyu ana kazi. Baada ya muda mrefu anaingia Didas, shati limefungwa mpaka shingoni, anasema hasikii njaa. Baada ya wiki, magamba yalipoanza kutoka, ndipo akanionyesha. Na neno la kwanza alilosema ni hili: "Mama asione."

Umesikia, dada? Nimewekwa mahali pa kufichwa. Wewe unasomwa kanisani, sokoni, kwenye basi, mpaka na katekista. Mimi nasomwa na sabuni. Ulipoandika kuhusu kiti cha mama na shati la mikono mifupi, unafikiri nilikula siku hiyo? Miaka kumi na saba ananiita mama mdogo. Hajawahi hata siku moja, kwa kujisahau tu, kunipunguzia hilo "mdogo".

Na umetaja kovu ukalipita mbio. Usilipite. Mwaka 2003, ana miaka kumi na miwili, maji yalijaa kwenye pafu. Daktari alimtoboa ubavu akaweka mpira. Nililala sakafuni wodini siku tisa, namshikilia asiuchomoe. Nilikutumia ujumbe mara mbili. Wa kwanza ulijibu uko kwenye kuvuna maharage. Wa pili hukujibu. Ulifika mpira umeshatolewa, anakula ugali na samaki wa mgebuka, ukasema, "Mbona mzima? Mlinitisha bure."

Sikusema siku ile, na leo sikutaka kusema. Umeniweka kwa wageni, ndiyo maana nimesema.

Winifrida


Kasulu
8 Desemba 2013

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama wote. Barua ya Septemba Makarius anaapa aliiweka mkononi mwako na ukaipokea bila kumsalimu. Miezi mitatu sasa.

Didas anasema mahari imekamilika na harusi ni Jumamosi inayofuata Pasaka. Hongereni. Nitakaa mtakaponiweka.

Winifrida


Kasulu
16 Machi 2014

Dada Esteria,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, basi naanzia Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya mnada, mgahawa umejaa. Nipo kwenye karai la maandazi. Nyuma ya mbao nasikia mlango wa uani unafunguliwa, sauti ya mwanamke inasema, "Mwanangu, wewe ndiye Ndayiragije? Hiyo sindano ni mpya? Fungua nione. Fungua vizuri, mimi si mtu wa kudanganywa, nina watoto watatu na wote wana akili."

Mwiko ulinidondoka.

Ukamwambia, "Andika DIDAS. Ubavu wa kulia. Palepale alipochorwa mwanangu." Akakwambia, "Mama, kwa umri wako tuanze na mkono." Ukasema, "Mkono ni wa waoga. Andika."

Mashine ikaanza. Ulimtukana Ndayiragije kwa Kiha, kisha baba yake, kisha ukaanza wimbo wa Kwaresima, ukafika kiitikio, ukanyamaza. Mashine ikasimama. Nikajua D imekwisha. Ikaanza tena. Sasa ulikuwa unavuta hewa kwa meno.

Nitakwambia kitu, na ukitaka nisije kabisa harusini sawa. Nilifurahi. Nilisimama pale maandazi yanaungua, mteja anaita "Mama Wini, chai!", na mimi nafurahi. Nilisema, acha naye aonje. Nilihesabu. Mashine iliposimama mara ya pili nikajua ni I. Halafu nikasikia unasema, "Basi. Basi, mwanangu, inatosha." Kwa sauti ndogo, ambayo sijawahi kuisikia kwako tangu tuko wasichana.

Hapo furaha ikaniisha. Nikamimina chai, nikampa Ndayiragije dirishani, nikamwambia asiseme imetoka wapi. Ningeingia. Niliogopa ukiniona utajua kwamba nilikuwa nimefurahi, basi ni heri nikuandikie.

Usikune. Magamba yaache yatoke yenyewe. Paka mafuta kidogo tu, yasiwe mawese.

Winifrida


Murungu
30 Machi 2014

Mdogo wangu Winifrida,

Pokea salamu nyingi. Castory hajambo, mapacha wako kwenye mitihani, mvua imekubali.

Chai nilijua ni yako. Nani mwingine Kasulu anatia tangawizi kama anamkomesha mtu? Niliinywa yote.

Nina D na I. Castory aliona wakati nafunga kanga, akauliza DI ni nini. Nikamwambia ni mwanzo. Akasema, "Mwanzo wa wazimu," akaenda kumfunga mbuzi. Sijali. Wanawake wa jumuiya nimeshawaonyesha, mmoja mmoja, nyuma ya sakristia. Murungu yote hakuna mwingine.

Lakini usidhani ni sindano iliyonishinda. Sindano ningeimaliza, nataka ujue hivyo na uwaambie wateja wako. Kilichonishinda ni hiki. Baada ya ile I, Ndayiragije alifuta damu, akanibonyeza mbavu kwa kidole akitafuta mahali pa herufi ya tatu, akasema, "Mwanao alikuja hapa ameshika kovu lake hivi, akaniambia nichore chini yake, nisiliguse." Nikajaribu kukumbuka Didas alilia vipi siku anatobolewa. Mama anapaswa kujua mtoto wake analiaje. Nikatafuta kichwani, Winifrida, nikatafuta, hakuna kitu, maana sikuwepo. Wewe unayo ile sauti. Hata ungetaka kunigawia usingeweza. Ndipo nikasema basi.

Ujumbe wako wa pili ulifika. Nilikuwa na magunia kumi na moja uwanjani na mvua imetanda. Nikajiambia Wini yupo. Siku zote nimekuwa nikijiambia Wini yupo, halafu nikija nakukuta kweli upo, nakasirika.

Kukuonea wivu sijaacha. Juzi Didas alipiga simu, nikapanda kichuguu, akauliza habari yangu kidogo, yako akanisimulia sana. Nilishuka nimevimba. Na wewe ulivyofurahi nilipokuwa naumia, hilo nimeliweka, tutaliongea siku moja tukiwa wawili. Ila nilicheka kidogo. Ningekuwa mimi upande wako wa mbao ningechungulia.

Sasa harusi. Nilimwendea Saidi, yule atakayesherehesha, nikamwambia akifika kwenye mama wa bwana harusi aite wawili. Akasema, "Mama, kiti cha mama ni kimoja, ratiba imeshapigwa chapa." Nikamwambia atoe hicho kiti. Nimeazima benchi la kanisani, katekista amelitoa bila kuuliza, ananiogopa siku hizi.

Watu wa Kumsenga watauliza kwa nini mama wawili. Utanyamaza, nitajibu mimi. Nitawaambia huyu alizaliwa hapa na akapona Kasulu.

Njoo Alhamisi, si Ijumaa, kuna kuku wa kunyonyoa. Lala chumbani kwangu, Castory atahamia kwa mapacha. Kitenge nimenunua cha aina moja, changu na chako, fundi anasubiri vipimo. Kwenye benchi wewe utakaa kushoto. Kulia ndiko uliko mlango, ndiko atakakoingilia mkamwana, na wa kwanza kumshika mkono ni mimi. Nimekubali benchi, sijakubali kila kitu.

Dada yako,
Esteria